KUIGA NA KUFAHAMU: JAWABU KWA WALIOULIZA JUU YA GITAA

 

Ndugu Waislamu, darsa letu limeletewa maswali mawili juu ya kitu kimoja. La kwanza limetoka kwa mzee mmoja wa upande wa Sotik, naye auliza kama yampasa kulivunja gitaa la mwanawe. La pili limetoka kwa mwana mwenyewe, wala yeye hakuuliza juu ya halali na haramu. Ameandika kwamba yapata mwaka mzima anajifunza gitaa kwa kutazama mikono ya watu katika simu. Kwamba sasa ajua kuviweka vidole vyake katika kodi kumi na mbili bila ya kukosea. Lakini hajui hata leo kwa nini vidole vikikaa hapa sauti hupatana, na vikisogea kidogo tu sauti hugombana. Kila amwulizaye humjibu: ndivyo ilivyo. Kisha auliza kama mtu wa namna hiyo yafaa asemwe kuwa amejifunza. Na chini ya barua, kama mtu aliyekumbuka neno baada ya kwisha kutia sahihi, ameongeza kwamba chuoni nako alijibiwa hivyo hivyo, ndipo akaacha kwenda.

Swali la baba lina jawabu, nalo litakuja. Lakini maneno yale ya chini ya barua ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu, kwani kijana huyo hayuko peke yake. Katika nchi hii ya chai, toka Kericho na Litein hata Bomet, Waislamu ni wachache, na kila mtoto atokaye chuoni kabla ya wakati wake ni pengo lionekanalo safuni. Twapenda kusema kwamba wametolewa na muziki, na mpira, na simu. Huenda. Lakini huyu atwambia kwa mkono wake kwamba alitoka akitafuta jawabu, na kwamba gitaa nalo halikumpa. Hiyo si habari ya mtu aliyepotezwa na upuuzi.

Basi na tuanze na kodi yenyewe ni kitu gani, kwa sababu wengi waikatazao hawaijui, na wengi waipigao hawaijui vile vile. (Kodi hii si ile itozwayo na serikali, wala si ya nyumba, ijapokuwa zote tatu humwumiza mkono anayeanza.) Kodi ni sauti tatu au zaidi zipigwazo kwa pamoja. Walimu wa kuimba huzihesabu sauti za ngazi kwa majina saba, do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha ya nane ni do tena, iliyo juu. Ukiishika ya kwanza, ukairuka ya pili, ukaishika ya tatu, ukairuka ya nne, ukaishika ya tano, umepata do, mi na so. Nayo ndiyo kodi ya do. Anza na fa ukaruke vivyo hivyo, utapata fa, la na do. Anza na so, utapata so, ti na re. Kwa kodi hizo tatu tu huchezwa sehemu kubwa ya nyimbo zisikikazo katika magari ya abiria baina ya Kericho na Bomet. Na ukianza na la, utapata la, do na mi, na hapo sikio huona huzuni kidogo, kwa kuwa mwendo wa kutoka la hata do ni mfupi kuliko mwendo wa kutoka do hata mi. Kanuni yenyewe ni hiyo. Yaweza kuandikwa nyuma ya bahasha, na mwenye kuifahamu haihitaji tena picha ya vidole, kwani aweza kuijenga kodi yoyote aitakayo, hata ambayo hajapata kuiona.

Na nyuma ya kanuni hiyo pana sababu nyingine. Uzi ukiubana katikati yake barabara, hutoa sauti ile ile, lakini ya juu. Ukiubana ukaacha theluthi mbili za urefu wake, hutoa so. Ukiacha sehemu nne katika tano, hutoa mi. Moja kwa mbili, mbili kwa tatu, nne kwa tano: sikio hupenda hesabu ndogo ndogo, wala halijui kuwa lahesabu. Akitaka kijana wetu aone kwa macho yake, na achukue utepe wa fundi cherehani, aupime uzi wa gitaa lake mwisho hadi mwisho. Vile vyuma vidogo vilivyolazwa shingoni vitamwambia: cha kumi na mbili kimekaa katikati ya uzi, cha saba kimeacha kama theluthi mbili, cha nne kimeacha kama sehemu nne katika tano. Nimesema kama, kwani mafundi wa magitaa huzigawa hatua zote kumi na mbili ziwe sawa, ili wimbo uweze kuhamishwa popote shingoni, na kwa ajili hiyo hesabu huzidi au hupungua kwa kiasi kidogo ambacho masikio mengi hukisamehe.

Wala hiyo si elimu ngeni katika Uislamu. Al-Kindi, aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika juu ya nyuzi za udi. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alitunga kitabu kikubwa kiitwacho Kitabul Musiqa al-Kabir, akavieleza vipimo hivyo kwa urefu. Safiyuddin al-Urmawi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1294, naye akaandika Kitabul Adwar. Sisemi haya kuwa ni hoja ya kuhalalisha, kwani kukijua kitu si kukihalalisha. Tabibu ajua pombe ifanyavyo kazi mwilini kuliko ajuavyo mlevi. Nayasema ili ionekane kwamba waliotutangulia, walipokutana na jambo, awe wa kulipenda au wa kulichukia, walitaka kwanza kujua ni nini.

Sasa turudi kwa mwenye kuuliza. Tofauti baina ya muigaji na mwenye kufahamu haionekani siku mambo yalipo sawa. Wapige wote wawili wimbo ule ule kwa gitaa lile lile, na msikilizaji hatawabagua. Pengine muigaji atapiga kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hana la kumshughulisha. Tofauti huja siku mwimbaji asemapo: sauti yangu leo haifiki huko juu, teremsha kidogo. Hapo muigaji amekwisha. Vidole vyake vyajua mahali, havijui sababu ya mahali. Na mahali pakihama hana pa kushika. Mwenziwe hushuka hatua mbili, akaitafuta ya kwanza na ya tatu na ya tano toka pale alipo, akaendelea.

Na Sala ni vivyo hivyo, nasi tumeyaona haya kwa wanaofanya kazi viwandani. Viwanda vya chai havilali. Majani yachumwayo mchana hunyaushwa usiku, hukatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, na watu huingia kwa zamu. Kijana aliyefundishwa kwamba Adhuhuri ni ile Sala isaliwayo saa saba pamoja na watu msikitini, siku zamu yake imshikapo saa hiyo huona Sala imempita, akaiacha. Siku ya pili huiacha tena. Baada ya mwezi haoni uzito wowote. Lau angalifahamishwa kwamba Adhuhuri ni wakati, wala si mlio wa adhana. Kwamba huingia jua lipinduapo kutoka utosini, na hubaki mpaka kivuli cha kitu kilingane na urefu wake, ukitoa kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa utosini. Angalijua kwamba anayo masaa matatu na zaidi, na kwamba dakika kumi za mapumziko zamtosha. Kadhalika yule asiyeambiwa lipi ni nguzo na lipi ni sunna, akiisahau tahiyatu ya kwanza hudhani Sala yote imeharibika, na hali sijida mbili za kusahau zamtosha. Watu hao hawakukosa imani. Walifundishwa mahali pa vidole.

Wachumaji chai wauelewa mfano huu kuliko niuelewavyo mimi. Mgeni aingiapo shambani huambiwa achume majani mawili na chipukizi, naye huchuma hivyo. Lakini mchai una chipukizi lililolala, lisilokua. Na una usawa wake wa juu, ambao wachumaji huuita meza, na ambao hauna budi kulindwa ili kichaka kisipande nje ya mkono wa mtu. Aliyeambiwa idadi ya majani bila ya kuambiwa kwamba kinachotafutwa ni ulaini, kwa sababu jani changa ndilo lenye utomvu ufanyao chai, na jani lililokomaa ni nyuzi tupu, siku akutanapo na chipukizi lililolala hajui la kufanya: huliacha likauharibu usawa, au hulitia kikapuni likakataliwa mizani. Na leo mashine za kuchumia zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, zikawatoa watu kazini, hata mwezi wa Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto kwa ghadhabu. Hukumu ya ugomvi huo si ya makala haya. Lakini kila nizionapo mashine hizo hunijia fikira kwamba mashine ndiyo muigaji aliyekamilika. Hupita juu ya mchai ikakata kila kilicho katika kimo chake, wala haijui jani. Mwalimu amfundishaye mtoto kutenda bila ya kufahamu amemtayarisha kwa kazi ambayo chuma huifanya kwa upesi zaidi kuliko yeye.

Lakini asidhani mtu kwamba kufahamu ni kuzisoma hesabu za sauti vitabuni. Nchi hii yenyewe imetoa ushahidi wa kinyume chake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akautumia umri wake kukusanya muziki wa Waafrika, alifika kwa Wakipsigis akazinasa nyimbo zao kwa mashine. Huko Kapkatet alimnasa Chemutoi Ketienya akiimba pamoja na wasichana wenziwe wimbo wa mtu aitwaye Chemirocha. Chemirocha huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Yeye hakupata kukanyaga huku. Sahani zake za santuri ndizo zilizofika, zikachezwa, na jina lake likavikwa nguo ya Kikipsigis. Vidole vyake juu ya gitaa watu hawakuviona. Walichopata ni sauti tupu, nao wakaipeleka kwenye kinubi chao, chombo cha wazee wao, ambacho kila uzi wake waliujua kwa sikio.

Watu hao hawakuwa na majina ya ya tatu wala ya tano. Lakini uzi ulipolegea walijua, na wa kukazwa ni upi walijua, na kwa kiasi gani. Huko nako ni kufahamu, na pengine ndiko kufahamu kwenyewe. Imam Ghazali, katika Al-Munqidh, ametofautisha baina ya kuijua taarifu ya afya na kuwa na afya: tabibu mgonjwa ajua yote yaandikwayo juu ya uzima, naye mwenyewe hanao. Kwa hiyo kijana wetu akijifunza kanuni niliyoiandika hapo juu, akaihifadhi kama alivyovihifadhi vidole, atakuwa ameongeza kuiga juu ya kuiga. Kanuni humwonyesha pa kusikiliza, wala haisikilizi kwa niaba yake. Na ikubalike kwamba wale wa Kapkatet walipata sauti bila ya vidole, naye amepata vidole bila ya sauti; simu yake imempa kila kitu ila kile ambacho santuri iliwapa wao.

Pana jambo jingine katika habari hiyo, na ijapokuwa latutoa njiani kidogo, sitalipita. Katika masimulizi ya wimbo ule Chemirocha amekuwa nusu mtu na nusu paa. Wasichana wale hawana lawama: sauti iliwafikia bila ya habari za mwenyewe, na mahali pa habari pakajazwa na hekaya. Lakini sisi habari za Mtume wetu (S.A.W.) zimetufikia kwa sanadi, mtu kutoka kwa mtu, majina yao yakajulikana, na waongo wao wakatajwa kwa uongo wao, kisha wako watu miongoni mwetu wawalishao watoto hekaya zisizo na asili, kwa kuwa ni tamu na kwa kuwa mtoto haulizi. Huyu mmoja aliuliza.

Nitaulizwa: je, wewe wasema kuhifadhi kuachwe? Hasha. Hakuna apigaye chombo chochote ambaye ncha za vidole vyake hazikuuma kwanza, na hakuna aijuaye Qur'ani ambaye hakuirudia mpaka ulimi ukaizoea. Mtoto wa miaka saba hahitaji tafsiri ya kila neno. Ulimi wake ni laini, nao ndio wakati wake. Mgogoro ni wa kale kuliko sisi. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ametaja katika Muqaddima kwamba watu wa Maghribi waliwafunga watoto wao katika kuhifadhi Qur'ani peke yake, wakatoka wamehifadhi na lugha yake hawaijui. Na ameitaja rai ya Kadhi Abu Bakr Ibnul Arabi ya kutanguliza lugha na hesabu kabla ya Qur'ani, akaisifu, kisha akasema kwamba desturi za watu haziikubali, nao huhofia kwamba mtoto akikua kabla ya kuhifadhi hatashikika tena. Mimi naiona hofu hiyo kuwa ni ya haki. Lakini hofu ya mtoto kutoshikika imekuwa kwetu udhuru wa kutomfahamisha hata aliye na miaka kumi na sita. Sisi hatuna hata udhuru wa lugha: tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy ilikamilika na kuchapishwa mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ikafuata mwaka 1995, zote kwa Kiswahili kifahamikacho na kila mtu. Wala mtoto wa Kikipsigis hakatazwi kuelezwa maana ya Fatiha kwa lugha ya mama yake. Mwenyezi Mungu amewalaumu, katika Suratu Muhammad aya ya 24, wasioizingatia Qur'ani. Hakuwalaumu wasioweza kuisoma kwa haraka.

Sasa swali la mzee wetu.

Mzee, madhehebu yetu sisi Mashafii yajulikana. Imam Nawawi na waliomfuata wamezikataza ala za nyuzi, na mimi sikufichi kwamba kauli hiyo ndiyo niliyosomeshwa, na ndiyo niifuatayo nafsini mwangu: sipigi, wala siendi panapopigwa. Lakini yafaa ujue yaliyo nyuma ya kauli hiyo. Imam Ghazali, naye ni Mshafii kama sisi, ameeleza katika Ihya kwamba nyuzi na filimbi za aina fulani hazikukatazwa kwa kuwa zapendeza, kwani kama kupendeza kungekuwa ndiyo sababu, hata sauti ya ndege ingekuwa haramu. Zilikatazwa kwa kuwa zilikuwa alama ya walevi na vikao vyao, zikaufuata ulevi katika hukumu yake. Ibn Hazm wa Andalusi alisema kwamba hadithi zilizotajwa katika kukataza hazikuthubutu, akaruhusu. Wanavyuoni wengi wakampinga, hasa juu ya ile iliyomo katika Bukhari. Na Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu 1958 hata alipofariki mwaka 1963, aliulizwa swali lililo karibu sana na hili lako, juu ya mwenye kujifunza muziki, akajibu kwamba asili yake ni ruhusa, na kwamba hukatazwa kwa kile kinachoambatana nao, kama vile pombe, na uchafu wa maneno, na kuzipoteza faradhi.

Basi usilivunje. Jambo ambalo wanavyuoni wamekhitilafiana hivi halikatazwi kwa shoka. Mwulize mwanao alipigia wapi, na akina nani, na maneno ya nyimbo zake ni yapi, na Sala ya Isha huwa wapi saa hizo. Akiwa apiga baani Jumamosi, mkataze kwa nguvu zote za ubaba, na hapo si kwa ajili ya gitaa. Akiwa apiga nyumbani, katika chumba chake, naye asali, mwambie kauli ya madhehebu na sababu yake, kisha umwachie aichukue mwenyewe. Ukilivunja, utakuwa umemjibu kwa mara ya tatu jawabu lile lile alilolikimbia.

Najua watakachosema walimu wenzangu, kwani wamekwisha nambia. Wasema: ukimpa mtoto sababu, siku sababu isipokuwapo ataiacha hukumu. Atasema, gitaa langu halina walevi, basi ni halali. Na kesho atasema, nguruwe wa leo ni safi. Hofu hii si ndogo. Lakini tazameni: Ghazali alijua sababu, akabaki na katazo, Shaltut alijua sababu, akaruhusu. Kujua sababu hakukumtoa hata mmoja wao katika dini, kwa kuwa walijua pia ni hukumu zipi zenye sababu idirikiwayo na akili, na ni zipi tulizoamrishwa kwa ajili ya kutii tu, zile ambazo mafakihi huziita taabbudi. Magharibi ni rakaa tatu. Kwa nini si nne? Hapo hatuna jawabu, wala hatukupewa. Na hapo ndipo mwalimu husema kwa haki: ndivyo ilivyo. Kosa si katika neno hilo. Kosa ni kulitoa mapema, kabla ya kutafuta, mahali ambapo sababu ipo na kitabu chake kiko rafuni, kwa uvivu au kwa haya ya kusema sijui. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa masala arubaini na nane, akasema sijui katika thelathini na mbili. Mtoto alijua, basi, kwamba yale kumi na sita aliyoyajibu aliyajua.

Na kijana wetu, akifuata utepe wake wa fundi cherehani mpaka mwisho, naye atafika mahali hapo hapo. Atajua kodi ni ya kwanza na ya tatu na ya tano. Atajua kwamba so ni theluthi mbili za uzi. Kisha atauliza, kwa nini sikio la mwanadamu likapenda theluthi mbili? Wenye elimu ya sauti watamweleza juu ya mitetemo ikutanayo kila baada ya muda mfupi, na maelezo hayo ni ya kweli. Lakini kwa nini kukutana huko kuwe raha moyoni, wala kusiwe karaha, hapo hata wao watamwambia ndivyo ilivyo. Naye hataona kuwa amefukuzwa, kwa kuwa atakuwa amefika kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa swali lake, kama mtu aliye hivyo amejifunza: vidole vyake vimejifunza, yeye bado, lakini aliyekwisha kulitambua hilo peke yake hayuko mbali. Darsa lijalo, baada ya Alasiri, tutasoma mlango wa nyakati za Sala pamoja na sababu zake. Baba na mwana wote wawili waalikwa. Walimu nao twawaomba kila mmoja aje na karatasi yenye maswali aliyoulizwa na wanafunzi wake akashindwa kuyajibu, bila ya kuandika jina la mwanafunzi wala la mwalimu. Gitaa na libaki nyumbani.